Usaha wa Kijani Katika Wodi ya Wanaume

Nawasalimu nyote mliokaa kwenye mabenchi. Naitwa Zakaria, Mkonongo wa Inyonga. Kazi yangu ni kurina asali. Sista Hilda ameniita niwaeleze nyie mnaojifunza kufunga vidonda jinsi nilivyougua mguu nikakaribia kukatwa, na jinsi nilivyopona. Ameniomba niseme kwa upole. Nitajaribu, lakini siahidi, maana kila nikianza kusimulia habari hii hasira inanipanda upya.

Kabla ya ajali nilikuwa mtu wa porini. Nilikuwa na mizinga ya magome niliyoitundika mwenyewe, na nilijua mti gani una nyuki wakali na upi una nyuki wapole. Sikuwahi kulala hospitali hata siku moja. Homa ikinipata nakunywa dawa ya zahanati, kesho yake narudi porini. Mke wangu alikuwa ananitania kwamba miguu yangu inakujua mitini kuliko nyumbani.

Asubuhi moja, mvua za kwanza bado hazijanyesha, nilikuwa natundika mzinga kwenye mti mrefu wa mtundu. Shemeji yangu Paulo alikuwa chini anavuta kamba. Tawi nililokanyaga likakatika. Nilisikia milio miwili, wa tawi na wa mguu wangu. Nilipojitazama pale chini, mfupa wa muundi ulikuwa umetokeza nje ya ngozi, mweupe kama muhogo uliomenywa. Paulo aliona akageuka akatapika. Kisha akajifuta mdomo, akabandua magome ya mti, akaufunga mguu wangu katikati yake. Walinibeba kwa machela ya blanketi mpaka barabarani, na lori la nta likatupakia, mimi nimelala juu ya magunia, kila shimo la barabara nalijua kwa mguu.

Hospitali niliyopelekwa sitaitaja. Si hii mnayojifunzia, na wengi waliokuwepo walishahamishwa. Siku hiyo walinihudumia vizuri, lazima niseme ukweli. Daktari alikuwa kijana mmoja, yuko peke yake kwa hospitali nzima. Alinilaza usingizi, akaosha jeraha, akaunganisha mfupa, akanivika plasta ndefu. Mbele ya muundi akaacha dirisha, ili jeraha liweze kusafishwa. Nilipozinduka aliniambia, "Una bahati, Bwana Zakaria. Jeraha lako ni safi. Ukitulia, utatoka hapa unatembea na magongo."

Jeraha lako ni safi. Yashikeni maneno hayo, maana mimi niliyashika, na ndiyo yaliyonitia wazimu baadaye.

Wodi ya wanaume ilikuwa chumba kimoja kirefu. Karibu na mlango alilala Mzee Nkana, mkulima aliyeungua mgongo na mikono alipokuwa anachoma shamba. Baada yake walikuwepo wawili wenye vidonda vya miguu, kisha mimi. Kushoto kwangu alikuwa Masunga, Msukuma mfugaji aliyepasuliwa ngiri. Yeye nyuzi zake zilikuwa zimefunikwa, na daktari alikuwa ameagiza asiguswe mpaka siku ya kuzitoa.

Kila asubuhi Mzee Kipeta alikuja na toroli lake. Alikuwa mfungaji wa vidonda tangu zamani za wakoloni, mtu mpole, anamsalimia kila mgonjwa kwa jina na kuuliza habari za watoto. Alianzia mlangoni kwa Mzee Nkana. Anabandua shashi iliyolowa, anasafisha, anafunga. Kikoleo cha kushikia pamba anakichovya kwenye chupa pana yenye maji ya dawa meupe, anajifuta mikono kwa taulo lililoning'inia kwenye toroli, anakuja kitanda cha pili. Anachovya, anajifuta, anakuja cha tatu. Mpaka kwangu. Kikoleo kimoja, taulo moja, beseni moja.

Wiki ya kwanza nilikuwa naendelea vizuri. Wiki ya pili mguu ukaanza kugonga ndani ya plasta kama unataka kutoka. Usiku na mchana natetemeka kwa homa. Asubuhi moja Mzee Kipeta alipofungua dirisha la plasta, shashi ilikuwa ya kijani. Kijani kama kisamvu kilichotwangwa. Na harufu yake ilikuwa tamu, tamu mbaya, kama asali iliyochacha. Mimi asali iliyochacha naijua. Ukiweka asali kwenye ndoo chafu unaharibu kazi ya msimu mzima, na hakuna mrina asali anayesema ni kawaida.

Lakini Mzee Kipeta alisema hivyo hivyo. "Ni kawaida. Kidonda lazima kitoe uchafu."

Dada yangu Kalunde ndiye aliyekuwa ananiuguza. Alikuwa anapika nje kwenye mafiga, ananiletea chakula. Alisogea akachungulia. "Kawaida gani, Mzee? Mtu kaletwa kavunjika mguu, sasa mguu unaoza!"

"Mama, usaha ni usaha."

"Na huyu wa kitanda cha tatu mbona naye wake ni wa kijani? Na wa pili? Na yule mzee aliyeungua?"

"Ndiyo nakwambia. Ni kawaida."

Basi kila mtu akawa na maelezo yake. Mgonjwa wa kitanda cha pili alisema nimelogwa kwa sababu ya mizinga yangu. Mpishi wa hospitali alisema nimekula maboga. Mke wa Masunga alisema ni upepo wa dirishani. Daktari alisema sindano za penisilini zimebaki chache na zenyewe hazionekani kusaidia. Maelezo yalijaa wodini, sabuni haikuwepo. Miaka ile sabuni iliadimika madukani, nyie wenyewe mnakumbuka. Bomba la wodi lilikuwa limekauka tangu kabla sijafika. Jiko la kuchemshia vyombo lilikuwa zima, lakini mafuta ya taa hayakuwepo.

Nilimuuliza Mzee Kipeta, "Kwa nini hivyo vikoleo havichemshwi?"

"Mafuta ya taa hakuna."

"Kuni zimejaa kule nyuma. Mimi nikiwa nimelala hapa naziona kupitia dirishani. Chemsheni kwa kuni."

"Hizo ni kuni za jikoni. Si za wodi."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Za jikoni?"

"Ndiyo. Kuni za wodi hazipo kwenye utaratibu."

Ndugu zangu, nilijifunika shuka usoni. Kuni ni kuni! Mti wa porini haujui kama unakwenda kupika ugali au kuchemsha kikoleo! Nilimwambia hivyo. Akanijibu bila hasira, kama mtu anayemtuliza mtoto, "Usiwe na wasiwasi. Hii chupa ni dawa. Inaua kila kitu."

Mzee Nkana akafariki wiki ile. Mgongo wake wote ulikuwa umegeuka kijani, na siku za mwisho alikuwa anaongea na watu ambao hatuwaoni. Walimtoa asubuhi, wakafuta kitanda kwa kitambaa kimoja, na jioni akalazwa mtu mwingine pale pale.

Siku ya pili yake daktari alisimama miguuni pangu, ameshika karatasi ya homa. Hakunitazama machoni. "Usaha unaelekea ndani ya mfupa. Ukiingia kwenye damu tutakupoteza. Nafikiria tukate hapa, juu ya goti."

Nilikuwa naiona ile miti yote, na mimi niko chini. Kalunde ndiye aliyesema. Alisimama kati ya daktari na kitanda, mikono kiunoni, kanga imemfunguka, hajali.

"Dakta, kabla hujakata mguu wa ndugu yangu, niambie kwanza huu usaha umetoka wapi. Wewe mwenyewe ulisema jeraha ni safi. Aliingia nalo safi. Nani kaleta huu uchafu?"

"Mama, niko peke yangu hapa. Sina muda wa kufuata usaha ulikotoka."

"Basi mguu mwingine nao utakuja kuukata, na wa huyu, na wa yule. Utakuwa na muda wa hiyo kazi?"

Daktari alikuwa amechoka, macho mekundu. Akasema, "Nawapa siku tatu." Akaondoka.

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mfupi, Mfipa, na sanduku lake la bati bado liko chini pembeni yake. Alikuwa amehamishiwa pale na ndiyo kwanza ameshuka kwenye gari. Huyo ndiye Sista Hilda. Alikuwa amesikia kila kitu. Hakujitambulisha, hakuuliza nyumba yake iko wapi. Alimwambia Mzee Kipeta, "Baba, fanya mzunguko wako kama kila siku. Mimi nitatazama tu."

Mzee Kipeta akafanya. Sista Hilda akamfuata nyuma kitanda kwa kitanda, mikono mgongoni, anatazama, ananusa. Walipofika kwangu akanyanyua ile chupa ya dawa, akatoka nayo nje juani, akaimwaga polepole kwenye beseni. Chini ya chupa kulikuwa na utelezi, mzito, unavutika kama ute wa bamia.

"Uliibadilisha lini, Baba?"

"Huwa naongeza maji ikipungua."

"Dawa huongezi?"

"Ipo humo humo. Sista, dawa haiozi."

"Hii imeoza. Nusa."

Mzee Kipeta akanusa.

Mimi kitandani nilikuwa napiga kelele. "Nilisema! Kuni za jikoni! Nilisema mimi!" Nilimtukana mzee wa watu, umri wa baba yangu. Nilimwita muuaji. Wodi nzima ilisikia. Kalunde mwenyewe aliniambia, "Zakaria, basi."

Sista Hilda akarudi ndani. Alipita kitanda changu akaenda kwa Masunga. Masunga alikuwa na homa tangu juzi, tukadhani malaria. Sista akafunua bandeji yake. Nyuzi zilikuwa zimevimba, na kati yake unatoka usaha. Wa kijani.

"Baba, huyu ulimfunga lini?"

"Huyo sijamgusa!" Mzee Kipeta alisema, na safari hii alipaza sauti. "Toroli linampita. Dakta aliagiza."

"Nani kamgusa?"

Masunga akainua kichwa, akacheka kidogo. "Ni huyu Mkonongo tu ananisaidia. Bandeji ikilegea ananikazia. Mtu mwema sana, Sista."

Sista Hilda akanigeukia. "Nionyeshe mikono."

Sasa nitawaambia kitu ambacho nimekificha mpaka hapa. Mguu ukiwa ndani ya plasta unawasha kupita maelezo. Nilikuwa na kijiti cha ufagio, nakiingiza kwenye lile dirisha, najikuna. Nzi wakitua nawatoa kwa kidole. Vidole najifuta kwenye shuka. Halafu Masunga ananiita, "Mkonongo, nikazie hii kamba," nami nanyoosha mkono kutoka kitandani, namkazia. Nilijiona msaada. Nilikuwa nimekesha siku ngapi nikimlaani Mzee Kipeta, na mikono yangu mwenyewe, kucha zake zilikuwa na ukijani chini yake.

Sista alizitazama kucha zile, akaniambia maneno machache. "Basi wewe na yeye mmefanya kazi moja."

Ningependa kuwaambia nililia. Hapana, nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na Masunga kwa kunisifu, na kijiti cha ufagio. Hasira iliponiishia ndipo nikaona aibu.

Sista Hilda alikwenda jikoni akachukua kuni mwenyewe, mzigo mzima kichwani. Mpishi akamfuata nyuma akilalamika kuhusu utaratibu. Sista akamwambia, "Andika barua. Nitaijibu maji yakishachemka." Akaweka mafiga matatu nje ya wodi na sufuria kubwa. Vikoleo, mabeseni na vitambaa vyote vikachemshwa. Kila kikoleo kikitoka kwa mgonjwa mmoja kinarudi kwenye sufuria kabla ya kumgusa mwingine. Taulo la toroli akalichoma moto. Kalunde akachota maji kisimani. Sista akatoboa kopo, akalitundika mlangoni, chini akaweka jivu lililochekechwa badala ya sabuni. Hakuna aliyepita bila kunawa, daktari naye akiwemo. Mara ya kwanza daktari alipita haraka. Sista akamwita, "Dakta, mikono," akarudi.

Mzunguko nao akaugeuza. Sasa wenye vidonda visivyo na usaha wakawa wa kwanza, sisi wa kijani wa mwisho, na vitanda vyetu vikasogezwa upande mmoja.

Plasta ya mguu wangu ilipasuliwa dirisha kubwa zaidi. Daktari akatoa kipande cha mfupa uliokufa, kidogo kama punje ya hindi. Sista akaagiza siki kutoka duka moja la Mpanda, akaizimua, akaloweka shashi, akaniwekea. Iliniunguza mpaka nikamwita mama yangu aliyekwisha kufa. Msijaribu hayo majumbani kwenu. Siku ya tatu daktari alikuja na uso wa kukata. Akatazama karatasi ya homa, akanusa shashi, akasema, "Tusubiri kesho." Kesho yake akasema tena tusubiri. Wiki ikaisha. Shashi ikawa ya njano, kisha nyeupe yenye damu kidogo, damu nzuri nyekundu. Kalunde aliitazama akakaa chini sakafuni, akaweka kichwa kwenye magoti yake.

Mimi nikawa kero ya wodi. Mzee Kipeta akija tu, nauliza kabla ya salamu, "Umenawa?"

"Nimenawa."

"Sijaona."

Anarudi mlangoni, ananawa tena, ananionyesha mikono inayodondoka maji. "Haya! Umeridhika?"

"Kucha."

"Zakaria, wewe ni mgonjwa au askari?"

Siku moja alipomaliza kunifunga, alimngoja Sista Hilda pembeni ya kitanda changu. Akamuuliza kwa sauti ya chini, lakini nilisikia. "Yule mzee aliyeungua. Ni mimi?"

Sista akasogea karibu yake. "Sijui, Baba. Alikuwa ameungua vibaya. Kesho tuanze kuchemsha mapema zaidi." Tangu siku hiyo Mzee Kipeta ndiye aliyekuwa anawasha moto, na hakungoja kuambiwa. Nilimwomba radhi kwa kumwita muuaji. Aliniambia, "Tulia nifunge."

Masunga alipata shida kubwa. Nyuzi zilifumuka, ikabidi daktari alifungue jeraha lote, lijazwe shashi, lipone kutoka ndani kuja nje. Alikonda hata mbavu zikahesabika. Alinigeuzia mgongo, hataki chakula cha Kalunde. Nilimwambia, "Ndugu yangu, nisamehe." Akajibu akiwa ameutazama ukuta, "Nilikuwa nakusifu kwa mke wangu." Hakuna tusi nililowahi kutukanwa lililoniuma hivyo. Alipona, namshukuru Mungu. Siku ya kuondoka alikuja kitandani kwangu akanipa mkono. Kisha akaenda mlangoni, akanawa, ndipo akatoka na mke wake.

Nami nilitoka baadaye kwa magongo, halafu kwa fimbo. Mguu huu ni mfupi kidogo kuliko mwenzake, mnauona. Siku za baridi unauma. Mitini sipandi tena, Paulo ndiye anayepanda, mimi nakaa chini nampigia kelele. Lakini nina miguu miwili. Namshukuru Mungu, na daktari yule aliyekubali kungoja, na Mzee Kipeta. Namshukuru Kalunde aliyeuliza swali ambalo sisi wengine hatukuuliza. Namshukuru Sista Hilda, ambaye hajacheka tangu nianze kuongea.

Nawaombeni jambo moja. Mtakwenda kwenye zahanati zisizo na bomba. Mafuta ya taa yatakwisha, sabuni itakosekana, mtaandika barua na hazitajibiwa. Nayajua hayo yote, msinieleze. Lakini kuni zipo. Jivu lipo. Maji ya kisima yanachemka kama maji mengine. Mgonjwa akiuliza kama umenawa, usikasirike, mwonyeshe mikono. Na nyie mkiwa wagonjwa, msidhani mikono yenu ni safi kwa sababu mioyo yenu ni mizuri.

Nimalizie hapo. Ila kuna mmoja wenu benchi la mbele, simtaji, nimemwona asubuhi anamfunga mama mmoja kidonda cha mguu, kisha akaja moja kwa moja kwenye chai na kugawa mihogo kwa mikono yake. Wenzake mkaipokea, mkala. Yeye aanze kwenda kunawa, nyie mfuate. Tutaendelea na maswali mkirudi.